Nihamie bima binafsi Ujerumani wakati familia bado iko Mtwara?

Swali: Shikamoo. Mimi ni mzaliwa wa Mtwara, nina miaka 34, mhandisi wa mitambo. Nilianzia kwenye gesi pale Madimba, sasa niko Ujerumani mwaka wa nne. Nimepata kazi kampuni nyingine kwa mshahara wa yuro 79,000 kwa mwaka. Sijakaa sawa, wakala wa bima akanipigia: eti sasa nina haki ya kutoka bima ya afya ya umma na kuingia bima binafsi, nitalipa nusu ya ninachokatwa leo, na nina wiki mbili tu za kuamua. Bei aliyonipa ni yuro 480 kwa mwezi, nusu anabeba mwajiri. Mke wangu na watoto wawili wako Shangani, tunapanga waje mwakani. Binti mkubwa ana pumu. Wenzangu kazini wengi wameshahama. Nifanyeje?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Usihame. Bei aliyokupa ni ya mtu mmoja, na wewe si mtu mmoja. Kila nitakachokueleza hapa kinatokana na hilo. Nimefanya kazi ya bima huko huko kabla sijarudi Mtwara, na familia nyingi nilizoona zikihangaika hazikuhangaika kwa sababu bima binafsi ni mbaya. Zilihangaika kwa sababu baba alipiga hesabu ya kichwa chake peke yake, wakati mke na watoto walikuwa bado hawajapanda ndege.

Tuanze na hizo wiki mbili, maana ndizo zinazokunyima usingizi. Ni kweli kwamba mshahara ukivuka kiwango kilichowekwa kisheria, mfuko wako wa bima ya umma hukutumia barua, na kuanzia hapo una wiki mbili za kusema unatoka. Lakini wakala hakukuambia kinachotokea ukikaa kimya. Ukikaa kimya hakuna kinachoharibika: mfuko unakuendeleza kama mwanachama wa hiari, kadi ni ile ile, daktari ni yule yule. Na mwanachama wa hiari anaweza kutoka baadaye kwa notisi ya miezi miwili kamili, mwezi wowote, alimradi mshahara bado uko juu ya kiwango na ameshapata hati ya bima mpya. Kwa maneno mengine, kutoka unaweza kutoka hata mwakani. Kurudi ndiko kwenye masharti. Sasa jiulize, kati ya kutoka na kurudi, ni kipi cha kukimbilia?

Na usishangae kwa nini ana haraka. Sheria ya Ujerumani imeweka ukomo wa kamisheni ya wakala wa bima binafsi ya afya: kwa wakala mmoja haitakiwi kuzidi michango 9.9 ya mwezi. Kwa mchango wa yuro 480, ukomo huo unafika yuro 4,752 kwa saini yako moja. Simwiti mwizi, anafanya kazi yake. Ila ushauri wa mtu anayelipwa ukisema ndiyo, na asiyelipwa kitu ukisema hapana, uupime hivyo. Kila jimbo huko lina Verbraucherzentrale, kituo cha kutetea walaji. Ada yao ya ushauri ni ndogo na hawauzi bima ya mtu. Nenda kwao kabla ya kwenda kwa wakala mwingine.

Haya, kiwango chenyewe. Mwaka 2025 kilikuwa yuro 73,800, mwaka 2026 ni 77,400. Kwa yuro 79,000 zako umekivuka, lakini kwa 1,600 tu. Tazama kilivyopanda kwa mwaka mmoja: 3,600. Kikipanda tena kiasi hicho na mshahara wako ukabaki pale pale, utarudishwa bima ya umma kwa lazima, utake usitake. Utakuwa umejaza fomu za afya, umelipa, umezoeshwa utaratibu mpya, halafu unarudi ulikotoka. Na hapo wakala atakuja na karatasi nyingine, ombi la kusamehewa bima ya lazima, ambalo huombwa ndani ya miezi mitatu. Hiyo usiiguse bila kushauriwa. Msamaha ukishatolewa haufutwi. Utabaki nje ya mfuko wa umma hata siku utakayoutaka.

Sasa fedha. Upande wa umma, mchango ni asilimia 14.6 ya mshahara, pamoja na nyongeza ambayo kila mfuko hujipangia. Wastani wa nyongeza hiyo kwa 2026 ni asilimia 2.9. Jumla 17.5, nusu wewe nusu mwajiri. Lakini hawakati mshahara wote. Wanahesabu mpaka yuro 5,812.50 kwa mwezi, zaidi ya hapo hawagusi. Kwa hiyo sehemu yako, kwa wastani huo, ni yuro 508 na senti kadhaa. Hiyo ndiyo inayokuuma ukitazama hati ya mshahara, na nakuelewa. Ukiigeuza kuwa shilingi ni pesa inayoezeka nyumba.

Upande wa binafsi, kwa bei ya wakala, wewe 240 na mwajiri 240. Akiba ya yuro 268 kila mwezi. Ukisoma karatasi yao vizuri, bei ya namna hiyo mara nyingi ina sehemu unayojilipia mwenyewe kila mwaka kabla bima haijaanza kulipa. Ikiwa ni yuro 600, toa 50 kila mwezi kwa mwaka unaougua. Bado inavutia, sikatai.

Ila shemeji na watoto wakitua? Kwenye mfuko wa umma, mke asiye na kipato na watoto wanaingia chini ya kadi yako bila kuongeza hata senti. Mchango wako unabaki 508 ule ule, muwe wawili au sita. Kwenye bima binafsi kila kichwa kina bei yake. Chukua mfano: wewe 480, shemeji 450, watoto 170 kila mmoja. Jumla 1,270. Mwajiri anasaidia familia pia, lakini ana ukomo: kwa 2026 hatoi zaidi ya yuro 508.59. Kinachobaki ni chako, yuro 761. Yaani zaidi ya 250 juu ya unacholipa leo, kila mwezi, na hapo nimewahesabu watoto wote kama wazima wasio na historia ya ugonjwa. Ni kangomba hii: unauza korosho ikiwa bado ua, pesa unaiona mkononi, msimu ukifika unahesabu ulichokikosa.

Utaniambia shemeji atatafuta kazi. Vizuri sana, na akipata kazi yenye mshahara unaozidi ule wa vibarua vidogo, ambao mwaka 2026 mwisho wake ni yuro 603 kwa mwezi, ataingia bima ya umma kwa jina lake. Lakini watoto hawatamfuata bure. Sheria inasema mkiwa mmeoana, na mmoja wenu yuko bima binafsi, mshahara wake uko juu ya kile kiwango na unazidi wa mwenzake, watoto hawapati ile nafasi ya bure kwa mzazi wa pili. Mtawalipia, huku au kule. Kifungu hiki ndicho kinachowakuta wengi kwa mshangao, maana hakuna anayekitaja siku ya kusaini.

Nije kwenye pumu ya binti, ambayo kwangu ndiyo inayofunga mjadala. Mfuko wa umma hauulizi ugonjwa. Mtoto anaandikishwa kwa cheti cha kuzaliwa na anwani, basi. Kesho yake anaweza kwenda kwa daktari na dawa zake za kuvuta. Bima binafsi inauliza maswali ya afya kwa kila mtu, na kwa pumu ya mtoto jibu linaweza kuwa nyongeza ya bei kwa maisha yote ya mkataba, au kukataliwa moja kwa moja. Kuna mkataba wa msingi ambao kampuni binafsi hulazimika kuutoa hata kwa mgonjwa, lakini bei yake kwa mtu mzima inaweza kufika karibu yuro 1,017 kwa mwezi, na huduma zake ni kama zile zile za umma.

Kuna mtu atakunong'oneza: usiandike pumu, watajuaje yaliyoandikwa Mtwara? Mkatie simu. Binti yako ana daftari, lile la shule lenye jina lake juu ya jalada, na humo ndani kila safari ya hospitali ya Ligula imeandikwa kwa mkono: tarehe, uzito, amewekewa nebulaiza, amepewa dawa ya kuvuta, arudi baada ya wiki. Hilo daftari ni kumbukumbu ya matibabu sawa na nyingine yoyote. Akianza kutibiwa Ujerumani, daktari wa kwanza atakayemsikiliza kifua atauliza imeanza lini, na mama yake atasema kweli, kama inavyopaswa. Jibu litaandikwa. Kampuni ikigundua kuwa swali lilijibiwa uongo ina haki ya kuvunja mkataba. Mtoto mwenye pumu asiye na bima, wakati wa baridi, ni hali ambayo sitaki uifikie. Daftari hilo lisiachwe Shangani. Lije kwenye begi la mkononi.

Na mkiwa mnatarajia mtoto wa tatu, jambo hili linazidi uzito. Mtu anayetoka moja kwa moja kwenye mfuko wa umma wa Ujerumani kwa kawaida huingia binafsi bila kusubiri. Shemeji hatatoka huko, atatoka Mtwara. Kwa mtu kama yeye mikataba ina kipindi cha kusubiri: miezi mitatu kwa matibabu ya kawaida, minane kwa uzazi. Akiingia akiwa tayari mjamzito, usitegemee kampuni impokee. Chini ya kadi yako ya umma analindwa tangu siku anapoandikishwa, mimba au si mimba.

Sasa nisiwe mtu wa upande mmoja. Bima binafsi ina mazuri yake na wenzako kazini si wajinga. Daktari analipwa zaidi kwa kazi ile ile, kwa hiyo miadi ya bingwa ambayo ungengoja wiki nyingi unaipata mapema. Kulazwa chumba cha peke yako, kutibiwa na daktari mkuu, meno kulipiwa vizuri. Na yaliyoandikwa kwenye mkataba wako hayapunguzwi na bunge. Kijana asiye na familia, mzima wa afya, mshahara uko juu ya kiwango kwa mbali, tena mwenye nidhamu ya kuweka ile tofauti ya kila mwezi kwa ajili ya uzee, huyo namwambia afikirie. Uliza wenzako wangapi kati yao wana mke asiye na kazi na watoto wanaosubiri viza.

Waulize pia nani analipa kwanza. Kwenye umma unatoa kadi unaondoka. Kwenye binafsi bili ya daktari inakuja nyumbani kwa jina lako, unalipa au unaituma kwa bima na kusubiri, na kama kuna kipengele wanakikataa, mgogoro ni wako na daktari. Ukiugua muda mrefu, mwajiri analipa mshahara wiki sita. Baada ya hapo mfuko wa umma unaendelea kukupa posho ya ugonjwa, asilimia 70 ya mshahara unaohesabiwa, isiyozidi asilimia 90 ya unachopokea mkononi, hadi wiki 78 kwa ugonjwa mmoja ndani ya miaka mitatu. Binafsi haitoi hiyo isipokuwa umeinunua pembeni. Bei ya wakala ina posho hiyo au haina? Naona kwenye maelezo yako hukuitaja.

Umri nao. Leo una miaka 34, ukitaka kurudi umma njia zipo: mshahara kushuka chini ya kiwango, au kupoteza kazi na kuingia kwenye posho ya kukosa ajira. Ukishatimiza 55 njia hizo karibu zote zinafungwa, kwa makusudi, ili watu wasikae binafsi ujanani wakati bei ni nafuu kisha wakarudi umma wakiwa wazee. Nao uanachama nafuu wa wastaafu kwenye mfuko wa umma unataka uwe umekaa humo angalau asilimia 90 ya nusu ya pili ya maisha yako ya kazi. Huwezi kujua leo kama uzeeni utakuwa Mtwara au Stuttgart. Asiyejua hilo asijifungie.

Kama kinachokusukuma ni makato, kuna njia isiyo na hatari. Linganisha mifuko ya umma yenyewe, maana huduma zao kwa sehemu kubwa ni sawa kisheria, kinachotofautiana ni ile nyongeza. Ukiwa umekaa mfuko mmoja miezi 12 unaweza kuhama, na mfuko ukipandisha nyongeza unaweza kuhama hata kabla. Kama ni meno au chumba cha peke yako, nunua bima ndogo ya nyongeza ya hicho tu, huku ukibaki umma.

Likizo ya nyumbani wengi wanaisahau. Kadi yako ya umma haina kazi Tanzania. Ujerumani haina mkataba nasi wa hifadhi ya jamii. Kabla ya kila safari hakikisha una bima ya afya ya safari ya nje. Inauzwa kwa makumi machache ya yuro kwa mwaka mzima, tena mara nyingi chini ya hapo, na kwa kawaida inabeba safari za wiki sita hadi nane kila moja. Soma kama inalipa kusafirishwa, kwa sababu ukipata ajali barabara ya Masasi unaweza kuhitaji kufikishwa Dar es Salaam. Na ukirudi Ujerumani ukapata homa, mwambie daktari sentensi ya kwanza kabisa kwamba umetoka Mtwara na unataka kipimo cha malaria. Huko homa wanaianzia kwenye mafua, na malaria haisubiri. Kinga uliyokuwa nayo utotoni hupungua ukikaa nje miaka.

Kwa shemeji na watoto leo hii, wakati bado wako Shangani, kadi yako haiwafikii kabisa. Ile nafasi ya bure inataka wawe wanaishi Ujerumani. Wasikae bila bima kwa kusubiri viza. Aende ofisi ya NHIF hapo mkoani aulize vifurushi vilivyopo sasa kwa familia na kwa watoto. Akipendelea bima binafsi ya hapa nyumbani, aombe kwanza orodha ya hospitali zinazoipokea huku kusini. Ligula imo? Hospitali ya Kanda ya Mitengo? Ndanda? Kadi nzuri ya Dar es Salaam haimsaidii mtoto anayebanwa na kifua saa nane usiku Mtwara. Orodha hizo pia zinabadilika: Machi 2024 baadhi ya hospitali binafsi nchini zilisitisha kupokea kadi za NHIF zikipinga kitita kipya cha bei. Kwa hiyo aulize hospitali yenyewe, asitegemee karatasi peke yake.

Wiki hii fanya hivi. Uandikie mfuko wako kwamba umebadili mwajiri, mshahara umevuka kiwango, na unataka kuendelea kama mwanachama wa hiari. Mpe idara ya mishahara ya kampuni mpya jina la mfuko huo siku ya kwanza. Wakala mwambie asante, hapana, hudaiwi maelezo.

Halafu mpigie shemeji. Mfuko utataka cheti cha ndoa na vyeti vya kuzaliwa vya watoto, vilivyotafsiriwa Kijerumani na mtafsiri aliyeapishwa. Kadi ya kliniki haitoshi, na kama ndoa ilifungwa na sheikh, cheti kile kihakikishwe kimesajiliwa RITA. Aende ofisi ya Mkuu wa Wilaya mapema akiwa na pasipoti za watoto mkononi, alinganishe jina herufi kwa herufi. Hawa kwenye cheti na Hawaa kwenye pasipoti ni kosa la herufi moja, lakini kulirekebisha ukiwa tayari Ujerumani kunaweza kula miezi, na muda wote huo binti hana kadi.

Siku wakifika na kuandikishwa anwani, peleka fomu ya bima ya familia. Watauliza kipato cha shemeji. Kwa 2026 kisizidi yuro 565 kwa mwezi. Kama ana duka au anapokea kodi ya nyumba hapa Mtwara, liandike, nalo linahesabiwa.